Laga ile ile, Nairobi yanyweka, Mombasa yaonja karatasi. Ni joto, mwanga ama friji?

#1 ChangamweKwaHewa
Wadau, salaam. Chukua laga ya kawaida ya chupa, Tusker au White Cap, zenye tarehe moja ya mwisho wa matumizi. Moja iwe imekaa Nairobi, nyingine imekaa stoo ya Mombasa miezi miwili. Zipoze sawasawa, zifungue pamoja. Ya Nairobi ina harufu ya nafaka na uchungu mdogo safi mwishoni. Ya hapa uchungu umelegea, kuna utamu wa asali iliyokaa, na ukishameza kaakaa labaki na karatasi iliyolowa. Kila siku nasikia "ni maji ya Mombasa". Maji gani, na chupa ilifungwa kiwandani? Dai langu ni joto la stoo na la barabarani. Mtu akija hapa kulinganisha aina za bia, halinganishi bia, alinganisha stoo. Nani apinga?

#2 KauntaYaTudor
Napinga nusu. Kabla hujafika stoo, tazama friji. Friji za kaunta hapa huwekwa nyuzi 2 au 3 kwa sababu mteja akitoka juani ataka kuona chupa yatoka jasho. Kwa baridi hiyo ulimi umekufa ganzi: hopsi (maua yatiayo bia uchungu na harufu) huisikii, kimea (shayiri iliyooteshwa ikakaushwa) hukisikii, zabaki gesi na uchungu basi. Halafu mtu huyo huyo aapa kwamba laga zote ni kitu kimoja. Laga ionje nyuzi 5 hadi 7, bia ya ngano 7 hadi 9, stauti, ile bia nyeusi, 10 hadi 13. Huna kipimajoto? Chupa ya nusu lita iliyotoka nyuzi 3 iache mezani kama robo saa, kwa hewa yetu hii itakaribia 8. Ukiimimina yapanda haraka zaidi, maana glasi yenyewe imekaa kwenye joto.

#3 Bi_Shayiri
@ChangamweKwaHewa joto lina hesabu yake. Watu wa viwanda vya bia wana kanuni ya kukadiria: siku 3 kwa nyuzi 32 zaichakaza bia sawa na siku 30 kwa nyuzi 22, au siku 300 kwa nyuzi 3. Usiichukulie kama msahafu, lakini mwelekeo ndio huo. Sasa piga hesabu ya stoo ya mabati kati ya Januari na Machi.

Kinachotokea ni hiki. Kuna oksijeni kidogo iliyobaki shingoni mwa chupa wakati wa kujaza, na nyingine hupenya polepole kwenye ule utando wa ndani ya kizibo. Ikikutana na mabaki ya mafuta ya shayiri, na joto likiisukuma, huzaliwa kitu kiitwacho nonenali. Hiyo ndiyo karatasi yako. Uchungu wa hopsi nao hupungua na ukali wake hubadilika, ndiyo maana bia iliyochoka huonekana tamu hata kama sukari haikuongezeka.

Laga nyepesi ndiyo huumbuka mwanzo kwa sababu haina pa kujificha. Stauti ikizeeka yaweza kuelekea zabibu kavu na mchuzi wa soya, na mnywaji asitambue.

#4 PovuMbili
Mwasahau mwanga. Bia ya chupa ya kijani ikikaa juani dakika chache tu yanuka. Hakuna haja ya miezi miwili wala stoo.

Jaribio la nyumbani: chukua laga moja, mimina glasi mbili za kioo cheupe. Moja ifunike kwa sufuria, nyingine iweke juani kwenye veranda dakika 10. Zirudishe zote kwenye barafu zilingane baridi, kisha nusa kabla ya kuonja. Ile ya juani itakupiga na harufu ya kicheche. Ya kwenye sufuria iko salama.

#5 LikoniFeri
@PovuMbili kijani umekosea nini jamani 😂 Heineken ina pombe 5 kwa mia na watu wamevaa nguo nzuri kuinywa.

#6 PovuMbili
Nguo hazizibi mwanga, ndugu. Vitamini B2 iliyo ndani ya bia hunyonya mwanga wa buluu na wa urujuani, kisha huvunja viini vya uchungu vya hopsi, vipande vikaungana na salfa. Pua ya binadamu huinasa hata ikiwa sehemu chache kwa trilioni. Kioo cha kahawia huuzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, cha kijani huzuia kidogo sana, cheupe hakizuii kitu.

#7 Bi_Shayiri
Nyongeza kwa #6, maana wengi hushikilia rangi ya chupa kama dini. Kahawia hupunguza, haizibi kabisa. Ukiiacha mchana kutwa dirishani nayo itanuka. Na si kila chupa nyeupe hunuka: Miller ya Marekani, kwa mfano, hutumia dondoo la hopsi lililobadilishwa ili lisivunjwe na mwanga. Kwa hiyo usihukumu chupa, nusa.

Pia msizichanganye harufu hizi. Kicheche au mpira ulioungua ni mwanga. Karatasi iliyolowa ni oksijeni na joto. Siagi ni bia ambayo hamira haikumaliza kazi yake, au bakteria wameingia. Mahindi ya kuchemsha au kabeji ni kiungo kinachotoka kwenye kimea na kutotolewa vizuri wakati wa kuchemsha. Tofaa bichi ni bia changa. Ukijua harufu wajua pa kuuliza: siagi na mahindi ni za kiwandani, kicheche na karatasi mara nyingi ni za njiani.

#8 MgemaWaMtwapa
Nyinyi hangaikeni na karatasi. Mnazi hauna kizibo, hauna tarehe, hauna stoo. Wagemwa asubuhi mtamu, jioni una ukali wake, kesho mchana ni mchachu, ukiuacha zaidi ni siki ya kachumbari. Hapo ndipo utajua mambo ya kulinganisha ladha, kinywaji kimoja mitindo minne kwa siku mbili.

#9 KauntaYaTudor
@MgemaWaMtwapa ukisifiwa utatutilia maji, twakujua 😂

#10 MgemaWaMtwapa
Maji hutiwa na wanaouza, si wanaogema. Na sikieni jambo la maana: mnazi haungoji mtu autie hamira. Hamira na bakteria wa hewani na wa kwenye chombo huanza kazi utomvu ukidondoka tu, ndiyo maana mgema mwerevu huosha kibuyu kila anapopanda. Kibuyu kichafu, uchachu wafika kabla ya adhuhuri. Bia zenu za Ubelgiji za kuchachuka kwa vijidudu vya hewani ni ndugu zake huyu, ila zao hukaa kwenye mapipa miaka.

#11 ChangamweKwaHewa
Turudi kwenye chupa kabla uzi haujapanda mnazi. @KauntaYaTudor hoja yako ya baridi naielewa, lakini karatasi haiji na baridi. Baridi huificha. Ile bia ya nyuzi 3 huoni kasoro, ikifika 9 ndipo yaonekana. Sasa friji yako ndiyo mlinzi wa bia mbovu.

#12 KauntaYaTudor
Sasa umesema. Ndiyo maana nikasema nusu.

#13 LikoniFeri
Na wale wa "moto ama baridi"? Bara mtu akiagiza bia moto hupata chupa ya nyuzi 20 hivi, sawa na stauti iliyosahaulika mezani, inanyweka. Hapa kreti imekaa nyuma ya kaunta, "moto" ni nyuzi 30. Gesi yote yatoka kwa pupa, povu lajaa pua, utamu wazidi, pombe yajitokeza juu. Huwezi kulinganisha moto ya Nairobi na moto ya Likoni, hizo ni bia mbili. Kwa wanaosema Mombasa hatujui kunywa moto: tunywe nini, supu?

#14 Mwinuko1700
Kuna kitu mmepita nacho mbali. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu, hapa ni usawa wa bahari. Chupa ni ile ile na gesi ni ile ile, lakini ukifungua kule hewa ya nje ina mgandamizo mdogo, kwa hiyo gesi hutoka kwa nguvu zaidi, povu kubwa, harufu nyingi puani. Hapa gesi hutoka kwa upole na nyingine hubaki ndani. Mtu akizoea ya Nairobi ataiona ya hapa imelala hata kama ni mpya. Joto lisibebe lawama zote.

#15 Bi_Shayiri
@Mwinuko1700 kwa povu na harufu nakubali kuna athari. Kwa karatasi hapana. Mwinuko hauzai nonenali.

#16 Mwinuko1700
Sikusema wazaa. Nasema waweza kuiongeza au kuipunguza puani. Hiyo "harufu ya nafaka" ya Changamwe huenda ni povu tu.

#17 PovuMbili
Povu, povu. Kabla ya kulaumu mwinuko, glasi ni safi? Hapa ndipo vilinganisho vingi hufa. Osha kwa sabuni, suuza maji mengi, ianike kichwa chini, usiifute kwa kitambaa cha jikoni. Ijaribu hivi: ilowanishe ndani kisha imwage. Maji yakitanda utando mmoja, ni safi. Yakijikusanya matone matone, kuna mafuta. Ukishamimina, vipovu vikiganda ukutani mwa glasi chini ya bia, hapo pana uchafu.

Na adui mkubwa wa povu hapa Mombasa ni viazi karai. Tazama kwa makini siku moja: povu la vidole viwili limesimama, mtu amekula kiazi, midomo yang'aa mafuta, aweka mdomo kwenye ukingo. Pale mdomo ulipogusa povu lafunguka kama shimo, shimo lapanuka kuelekea katikati, na nusu ya glasi ni uwazi kabla hajameza la pili. Kisha asema bia haina gesi.

#18 LikoniFeri
Viazi karai haviachwi, tutakunywa bila povu.

#19 HodiWenyewe
Habari zenu. Nataka kuonja aina mbalimbali na wenzangu wanne watano wikendi, tutofautishe kwa kweli. Tuanzie wapi? Tununue nini na kwa mpangilio gani?

#20 KauntaYaTudor
Karibu. Nenda kutoka nyepesi hadi nzito, la sivyo stauti itafuta kila kinachokuja nyuma yake. Mpangilio:

Kwanza laga ya kawaida, Tusker, 4.2 kwa mia. Kisha laga ya kimea kitupu, Tusker Malt au Windhoek ya Namibia ukiipata. Windhoek hutengenezwa kwa kufuata sheria ya Bavaria ya 1516, ile ya bia kuwa shayiri, hopsi na maji tu. Ziweke sambamba na usikie: ya kimea kitupu ina mkate na uzito katikati ya ulimi, ile nyingine huisha haraka na kuacha kinywa kikavu. Laga nyingi nyepesi duniani huongezwa mahindi au sukari ili ziwe hivyo, soma lebo. Tatu, laga ya chupa ya kijani, makusudi, ili mjadili harufu ya mwanga. Nne, ya ngano ya Kijerumani, mfano Erdinger. Tano, yoyote ya hopsi nyingi ikiwepo. Mwisho Guinness.

Milimita 100 kwa kila mtu kwa kila bia yatosha. Zidisha zaidi, ya nne hamtaisikia. Maji na mkate mkavu katikati. Achari, pilipili na mabuyu vingoje mwisho.

#21 PovuMbili
Mililita, si milimita 😂 milimita 100 ni shingo ya chupa.

#22 MgemaWaMtwapa
Kwa kipimo hicho cha milimita ndiyo maana wateja wa Tudor hawalewi.

#23 HodiWenyewe
Asante. Hiyo ya ngano nimeiona ina uchafu chini. Imeharibika?

#24 Bi_Shayiri
Hapana, ni hamira. Ya ngano ya aina hiyo huachwa na hamira ndani ya chupa. Hifadhi chupa wima, si kulala. Lowanisha glasi ndefu kwa maji baridi, iinamishe, mimina taratibu hadi kama theluthi mbili ya chupa. Kisha zungusha chupa mkononi hamira ipande, malizia kumimina. Kinywaji kitakuwa na ukungu, na ndivyo kinavyotakiwa. Ukisikia ndizi mbivu na karafuu, ni kazi ya hamira, hakuna ndizi wala karafuu iliyotiwa. Mkitaka tofauti, mmoja anywe sehemu ya juu iliyo angavu, mwingine ya chini. Kaunta nyingi hurudisha chupa hizi zikidhani zimeoza.

#25 HodiWenyewe
Na Pilsner niihesabu kama laga ama kama aina nyingine?

#26 Mwinuko1700
Ni laga. Mtindo wenyewe ulianzia mji wa Plzeň, Josef Groll, 1842: kimea cheupe, maji laini, hopsi za kunukia, hamira inayofanya kazi kwenye baridi. Laga nyingi za dhahabu unazoziona duniani ni wajukuu wake. Pilsner yetu ya hapa, ile yenye simba, ni jina la bidhaa. Usitarajie uchungu na harufu ya hopsi kama ya Czech.

#27 LikoniFeri
Na Tusker ni wa ndovu wa Tsavo.

#28 Mwinuko1700
Tsavo haiingii. Kiwanda kilianza 1922, na mwaka uliofuata George Hurst, mmoja wa waanzilishi, aliuawa na ndovu akiwinda. Jina likatoka hapo.

#29 ChangamweKwaHewa
Kwa Guinness mwambieni ukweli huyu mgeni. Ya chupa hapa ni 6.5 kwa mia, ya Nigeria 7.5. Ile ya bomba ya Ireland yenye povu zito la maziwa ni 4.2 na imetiwa naitrojeni. Ya chupa yetu ina kabonidayoksaidi, kwa hiyo povu ni la kahawia na hufa mapema, si kasoro. Weusi ni shayiri iliyokaangwa. Habari ya kuongeza damu ni ya mtaani.

#30 MgemaWaMtwapa
Na wanaoitia Coca-Cola?

#31 ChangamweKwaHewa
Hao tutawafungulia uzi wao.

#32 Bi_Shayiri
@HodiWenyewe kama mwataka kujua kwa kweli kama mwatofautisha bia mbili, fanyeni glasi tatu. Mtu mmoja asiyeonja amimine jikoni: glasi mbili bia moja, ya tatu bia nyingine, apange bila utaratibu, aandike alama chini ya glasi. Glasi ziwe za rangi moja, na kama rangi za bia zatofautiana punguzeni taa au mfumbe macho. Kila mmoja ataje ile iliyo peke yake. Kwa kubahatisha tu mtu hupata mara 1 kati ya 3, kwa hiyo mkiwa sita, wanne wakipatia si ushahidi wa kutosha. Watano wakipatia, sawa, tofauti ipo.

Kwa kipimo hicho hicho mwaweza kuupima uzi huu: laga iliyokaa friji tangu dukani dhidi ya mwenzake wa tarehe moja aliyekaa kabatini wiki tatu.

#33 KauntaYaTudor
Na mkiishiwa na baridi: ndoo, barafu, maji yafike shingoni mwa chupa, chumvi kiganja. Chupa ya nusu lita iliyokuwa nyuzi 30 yashuka hadi kunyweka ndani ya dakika 20 hivi. Barafu tupu bila maji haishiki chupa vizuri. Friza nayo ni ya kusahauliwa: bia huanza kuganda karibu na nyuzi 2 chini ya sifuri, ikiganda yapasua chupa au yasukuma kizibo, na hata isipopasuka povu haliwi lile.

#34 LikoniFeri
Mimi nimesikia bia ikipoa, ikapata moto, ikapoa tena, ndiyo huharibika. Mbona hamlitaji?

#35 Bi_Shayiri
Kupoa na kupata moto kwenyewe si sumu. Kinachohesabika ni jumla ya saa ilizokaa kwenye joto. Kutoka friji hadi nyumbani Bamburi na kurudi friji si kitu. Kukaa buti la gari tangu asubuhi ni kitu.

#36 PovuMbili
Sikubali kabisa kabisa. Bia ikiwekwa baridi sana hupata ukungu wa protini, ikipata moto huyeyuka, na ikirudiwarudiwa ule ukungu hubaki. Utaona kwa macho.

#37 Bi_Shayiri
Ukungu ni sura. Twazungumzia ladha.

#38 PovuMbili
Mteja hunywa kwa macho kwanza.

#39 HodiWenyewe
Chupa moja ikifunguliwa yamwagika yote mezani, nyingine za kreti hilo hilo ziko sawa. Hiyo ni joto pia?

#40 Mwinuko1700
Mara nyingi ni kutikiswa njiani pamoja na joto. Isimamishe friji usiku mzima, ifungue polepole. Ikitapika hata baada ya hapo, na kreti zima lafanya hivyo, shaka huenda kwenye shayiri iliyoshikwa na ukungu shambani. Chembe za protini za ukungu huo huivuta gesi itoke kwa kishindo. Hapo rudisha kreti.

#41 ChangamweKwaHewa
Nasubiri majibu ya glasi tatu. Lakini mtu akitaka kuushinda uzi huu, chupa za kabatini azifunge gazeti, la sivyo PovuMbili atasema ni mwanga.

#42 PovuMbili
Na friji iwe ya mlango wa bati, si wa kioo. Zile taa nyeupe za LED za ndani zina buluu ya kutosha.

#43 KauntaYaTudor
Na zote zionjwe nyuzi 7. Si 3.